Uzi: Wajava wanaoga kwa pamoja kwenye chemchemi, kesho yake wanafunga Ramadhani. Ibada, mila au matembezi tu?

#1 Mla_Vitumbua (mwanzisha uzi)
Salaam wakuu.
Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu tangu juzi. Bwawa la chemchemi limefurika watu: wazee, akina mama na mitandio yao, watoto na maboya, wote maji ya kifua, wanajimwagia vichwani na kucheka. Maelezo yanasema ni Java ya Kati, Indonesia, siku ya mwisho ya Shaaban. Shughuli yenyewe wanaiita padusan, kuoga kwa Kijava.
Mimi nadai hivi: hiyo ni vunja jungu yao. Sisi tunaaga mchana kwa kula, wao wanauaga kwa kuogelea, halafu kila mmoja anaitafutia dini. Anayepinga alete hoja. Anayejua ilikotoka alete ushahidi.

#2 Fundi_Bomba
Swali la kitaalamu kwanza. Watu wote hao, maji anabadilisha nani?

#3 Kinyozi_Mstaafu
Fundi anawaza kazi hata kwenye uzi wa dini 😂

#4 Mbeba_Madaftari
Nipo Yogyakarta kwa masomo, ngoja niweke mambo sawa.
@Fundi_Bomba maji hayabadilishwi, yanajibadilisha yenyewe. Zile ni chemchemi, wenyewe wanaziita umbul. Mvua inanyesha kwenye miteremko ya Merapi, volkano ambayo mpaka leo iko hai, maji yanazama kwenye mchanga na mawe ya volkano, yanakuja kuchomoza huku chini tambarare. Wilaya ya Klaten imejaa chemchemi hizo: Cokro, Ponggok, Manten na nyingine. Boyolali wana Pengging na Tlatar. Maji yanaingia upande huu, yanatokea upande ule, yanakwenda kwenye majaruba ya mpunga. Na ni ya baridi, msione watu wanacheka.
Niliwahi kwenda Cokro na wenzangu wa bweni. Barabara ilikuwa imefunga tangu asubuhi, pikipiki zimeegeshwa mpaka mashambani. Pale wilaya inafanya sherehe rasmi: kuna msafara na ngoma, kisha mkuu wa wilaya anawamwagia maji kijana wa kiume na wa kike waliochaguliwa kuitangaza Klaten kwa wageni. Baada ya hapo wananchi ruksa kujitosa.
Nilimuuliza mama mmoja muuza chakula anachonuia akioga. Akasema mwili uwe safi na moyo uwe safi kabla ya kuingia mwezi, na kwamba bibi yake naye alikuwa anakuja hapo hapo. Mwenzangu wa bweni alipoulizwa akasema yeye amefuata tambi za moto na siku ya mapumziko. Wote wawili Waislamu, na kesho yake wote wawili walifunga.

#5 Ustadh_Mkavu
Ndugu mwanzisha uzi, ibada haiwi ibada mpaka iwe na dalili. Hakuna hadithi sahihi inayotuamrisha kukusanyika chemchemini siku ya mwisho ya Shaaban. Kuamini kwamba lile bwawa linafuta madhambi ni tatizo la itikadi. Na wanaume na wanawake wasio maharimu kuwa ndani ya maji mamoja, nguo zimewaganda mwilini, hapo hata ukiita mila haikuokoi.
Na vunja jungu nayo ni kundi lile lile. Msijifiche nyuma ya Wajava.

#6 Bi_Mkoroshoni
Heee shehe, vunja jungu umeiingizaje? Pilau la mchana wa mwisho lina kosa gani jamani?

#7 Ustadh_Mkavu
Pilau halina kosa, Bi Mkubwa. Kosa liko kwenye yanayolisindikiza pilau.

#8 Kinyozi_Mstaafu
Hapo wengi wamekaa kimya ghafla.

#9 Msomaji_Kimya
Wanaosema josho hili halina asili kwenye sheria wafungue vitabu vya Shafii. Kwenye mlango wa majosho ya sunna, wanazuoni wa baadaye wa madhehebu wameandika kuoga kila usiku wa Ramadhani. Al-Bajuri ameitaja. Wajava ni Shafii kama sisi wa pwani, tena vitabu vyetu ni vile vile. Ile Safina mliyochapiwa fimbo chuoni, mwandishi wake Salim bin Sumair ni Mhadhrami aliyefia Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, katikati ya karne ya 19. Sharhi yake inayojulikana sana kaiandika Nawawi wa Banten, Mjava aliyefundisha Makka mpaka akafia huko 1897.
Kwa hiyo maelezo yangu ni mepesi. Mtu wa kijijini kafundishwa kuwa kuoga kwa ajili ya usiku wa kwanza ni sunna. Nyumbani hana bomba, maji ya kutosha yako chemchemini, na kijiji kizima kimefundishwa na kyai mmoja, yaani shehe wao. Lazima wakutane.

#10 Ustadh_Mkavu
@Msomaji_Kimya josho la sunna la mtu mmoja mmoja na watu kununua tiketi ya bwawa ni vitu viwili. Halafu uliyoyataja ni ya kila usiku mpaka mwezi uishe. Hawa wanaoga mchana, mara moja, basi. Hiyo sunna mbona wameikata vipande?

#11 Msomaji_Kimya
Wangapi hapa wanaswali tarawehe siku tatu za mwanzo halafu hawaonekani tena mpaka Idi? Sunna kukatwa vipande hakukuanzia Java.

#12 Mzee_wa_Nyaraka
Mnabishana juu ya paa wakati msingi hamjauona.
Java imeoga kwenye chemchemi takatifu karne nyingi kabla ya Uislamu. Kwenye mteremko wa mlima Penanggungan, Java Mashariki, kuna josho la mawe linaitwa Jolotundo, mwaka uliochongwa pale ni sawa na 977. Trowulan, palipokuwa mji mkuu wa Majapahit, dola ya Java ya kabla ya Uislamu, kuna bwawa la matofali linaitwa Candi Tikus. Bali, ambako walibaki na dini ya zamani ya Kihindu, mpaka leo watu wanapanga foleni Tirta Empul wakiwa na nguo zao, wanapitisha kichwa chini ya mfereji mmoja baada ya mwingine. Linganisha picha za Tirta Empul na klipu ya mwanzisha uzi.
Si kuoga tu. Wiki kabla ya padusan, kwenye huo huo mwezi wao wa Ruwah ambao ndio Shaaban, vijiji vinafanya nyadran: wanafagia makaburi ya wazee, wanasoma tahlili, wanakula pamoja. Wengi wanaihusisha na sraddha, sherehe ya kukumbuka wafu ya wafalme wa Majapahit. Mshairi Prapanca aliandika mwaka 1365 jinsi mfalme Hayam Wuruk alivyomfanyia bibi yake sherehe hiyo mwaka 1362. Yaani mlolongo mzima ulikuwepo, wafu kwanza, maji baadaye. Uislamu ulipokuja, masimulizi yanasema Sunan Kalijaga, mmoja wa mawalii tisa, hakuvunja, alibadilisha nia. Na mwaka 1663 Sultan Agung wa Mataram akaunganisha kalenda ya zamani ya Saka na ya Hijria, ndipo vitu hivi vikajipanga kabla ya Ramadhani.

#13 Mbeba_Madaftari
1633, mzee. Mwaka 1663 Sultan Agung alikuwa ameshalala kaburini Imogiri miaka mingi. Kaburi lenyewe liko juu ya kilima, ngazi zake zinakata pumzi.
Mengine sina ugomvi, isipokuwa hilo la Kalijaga. Java kila kitu ambacho hakijulikani mwanzilishi wake anapewa Kalijaga. Wayang, ile michezo ya vivuli, kapewa, nyimbo za watoto kapewa, mpaka nguzo moja ya msikiti wa Demak iliyotengenezwa kwa vipande vya mbao kapewa. Si ushahidi, ni heshima.

#14 Mzee_wa_Nyaraka
Tarakimu zimerukiana tu. Hoja iko palepale.

#15 Kinyozi_Mstaafu
Zimerukiana zenyewe 😂😂

#16 Mwana_wa_Langoni
Salaam kutoka Lamu. Nyie wa bara mwapenda sana Wahindi wa kale. Kila kitu ambacho Muislamu akifanya kwa furaha mwasema katoa kwa Wahindi.
Hiyo Solo iliyo karibu na hizo chemchemi zenu, mwajua kuna nini? Kuna msikiti waitwa Riyadh, uliojengwa na Habib Alwi, mwanawe Habib Ali al-Habshi wa Seiyun. Kila mwaka wafanya hauli ya babake, watu wajaa barabara. Na maulidi ya Habib Ali ndiyo yasomwayo kwetu Riyadha, msikiti wa Habib Saleh. Jina moja, maulidi moja, asili moja Hadhramaut. Sasa watu wenye masharifu kama hao utaniambia waoga kwa sababu ya Majapahit?

#17 Mzee_wa_Nyaraka
@Mwana_wa_Langoni uhusiano wa Solo na Lamu ni wa kweli na ni mzuri. Lakini wanazuoni wa Hadhramaut hawakuwafundisha watu kujitosa umbul. Nitajie kitabu chao kimoja kinachosema hivyo.

#18 Mwana_wa_Langoni
Nami nitajie mtu mmoja mle ndani ya maji anayemuomba mungu wa Majapahit.

#19 Binti_Ruwi
Nafanya kazi Muscat na dada mmoja Mminangkabau, katokea Sumatra Magharibi. Nimemuonyesha uzi huu, nikamtafsiria, akacheka sana hapo kwa Kinyozi.
Anasema kwao si padusan, kwao ni balimau. Wanachukua limau, ile ndogo kama ndimu yetu, wanaikata, wanaitia kwenye maji pamoja na majani ya mrembe... samahani, simu yangu hii, namaanisha mkadi au pandani, yale majani ya kunukia, na maua, wanajipaka kichwani kisha wanashuka mtoni. Zamani, anasema bibi yake, sabuni ilikuwa adimu, na ndimu ndiyo iliyokata mafuta ya nywele. Jirani zao wa Kampar, mkoa wa Riau, wanaita balimau kasai kwa sababu wanaongeza kasai, unga wa mchele uliosagwa na manjano na viungo vya kunukia.

#20 Bi_Mkoroshoni
Mchele, manjano, viungo vya kunukia? Mwanangu hiyo ni singo! Ongeza waridi na udi uniletee.

#21 Binti_Ruwi
Ndiyo nilivyomwambia Bi Mkubwa. Tofauti kwetu inasuguliwa bibi harusi chumbani, kwao inasuguliwa mji mzima mtoni.
Na kwa Ustadh: anasema wanazuoni wa kwao nao kila mwaka wanakemea kwa hilo hilo la vijana wa kike na wa kiume kuchanganyika. Pia kuna watu wamewahi kuchukuliwa na mto wakafa, basi mamlaka nazo zinatoa matangazo. Yeye mwenyewe familia yao walihamishia balimau bafuni. Baba anaandaa ndoo, kila mtu anaingia zamu yake, wakitoka wanaombana msamaha.

#22 Ustadh_Mkavu
Hiyo ya ndoo na kuombana msamaha haina neno. Ningeifanya mimi mwenyewe.

#23 Fundi_Bomba
Andikeni tarehe, Ustadh amekubali kitu.

#24 Mla_Vitumbua
Bado sijajibiwa kuhusu vunja jungu. Mmenipeleka Majapahit, mmenipeleka Hadhramaut, mimi nauliza la jikoni.

#25 Mbeba_Madaftari
Mwanzisha uzi, kama unatafuta vunja jungu ya Indonesia basi umekosea kisiwa. Nenda Aceh, ncha ya juu ya Sumatra. Wana kitu kinaitwa meugang: siku moja au mbili kabla ya Ramadhani lazima nyama ipikwe kila nyumba. Masoko yanajaa mbavu na mapaja yanayoning'inia barabarani, bei inapaa, na bado watu wananunua. Bwana harusi mpya asiyepeleka nyama kwa wakwe anakuwa habari ya mtaa. Wenyewe wanairudisha kwa Sultan Iskandar Muda, aliyetawala 1607 mpaka 1636, kwamba alikuwa anachinja na kugawia maskini. Maji hayamo kabisa.
Semarang, pwani ya kaskazini ya Java, wana dugderan tangu 1881: ngoma kubwa ya msikiti inapigwa "dug", mzinga unalipuka "der", watu wanajua kesho kufunga. Kuna na sanamu ya mnyama wa ajabu wanaizungusha, warak ngendog, miguu ya mbuzi, kichwa kama cha dragoni wa Kichina.
Na Java Mashariki wana megengan, wanapika apem na kupelekeana majirani. Apem ni unga wa mchele, tui la nazi na chachu, unaumua, unachoma kwenye kikaango chenye vishimo.

#26 Bi_Mkoroshoni
Mchele, tui, chachu, kikaango cha vishimo. Mla_Vitumbua hebu njoo, wamekutaja.

#27 Mla_Vitumbua
Nimekuja mbio. Kwa hiyo Wajava wanaingia Ramadhani na vitumbua na mimi nilikuwa nawapinga? Naanza kulegea.

#28 Kipepeo_Tanga
Apem ya kwao ni ile appam ya Kusini mwa India, na vitumbua vyetu navyo watu wanavihusisha na bahari hiyo hiyo. Merikebu zilibeba kikaango kabla hazijabeba kitabu. Sisemi zaidi, naogopa Mwana wa Langoni.

#29 Mwana_wa_Langoni
Sema tu, chakula sina ugomvi nacho.

#30 Mpemba_Mjini
Wakuu, mnaenda mbali wakati Makunduchi ipo. Mwaka Kogwa watu wanaoga baharini, wanapigana migomba, wanachoma banda, mwaka wa zamani unaondoka na mabaya yake. Si kitu kile kile?

#31 Msomaji_Kimya
Si kile kile. Mwaka Kogwa unafuata Nairuzi, mwaka wa jua, ndiyo maana unaangukia Julai kila mara. Padusan inafuata mwezi, kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Nusu ya karne hii wataoga kiangazi, nusu wataoga kwenye mvua. Kitu kinachofuata jua mara nyingi ni cha mashamba au cha pepo za bahari. Kinachofuata mwezi mwandamo wa Hijria kimefungwa kwenye dini, upende usipende. Na hapo ndipo hoja ya Mzee wa Nyaraka inapoanza kuvuja: ingekuwa mabaki matupu ya Majapahit ingebaki kwenye kalenda ya Saka.

#32 Mzee_wa_Nyaraka
Ndiyo sababu nilimtaja Sultan Agung! Alichokifanya ni kuhamisha mabaki kutoka kalenda moja kwenda nyingine. Hujanijibu, umenisaidia.

#33 Msomaji_Kimya
Basi onyesha kwamba kabla ya 1633 kulikuwa na siku maalumu ya kuoga kwa pamoja. Jolotundo inaonyesha kulikuwa na josho. Josho si siku.

#34 Mzee_wa_Nyaraka
Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Clifford Geertz, Mmarekani aliyekaa Java Mashariki miaka ya 1950, aliwagawa Wajava mafungu: santri wenye kushika dini, abangan wa mila, na priyayi wa kasri. Kwa jicho lake kula pamoja na kuoga kabla ya mfungo kunaegemea upande wa mila. Baadaye akaja Mark Woodward, aliyefanya utafiti Yogyakarta, akasema hapana, yale mnayoyaita ya Kihindu mengi ni Uislamu wa kisufi uliovaa nguo za Kijava. Mimi niko na Geertz kwa sababu ya mawe. Wewe uko na Woodward kwa sababu ya vitabu.

#35 Mbeba_Madaftari
Niongeze la tatu ambalo hamjaligusa: kasri. Pengging pale Boyolali mabirika yamejengwa na Pakubuwono wa Kumi, sunan, yaani mfalme, wa Surakarta (ndiyo Solo) aliyetawala 1893 mpaka 1939. Kulikuwa na birika la mfalme, Umbul Ngabean, na mengine ya kando. Watu wa kawaida waliona mkubwa akienda kuoga huko, wakaona ndiyo heshima. Hata leo usiku fulani watu wanakwenda kukaa kwenye maji mpaka shingoni bila kusema, wanaita kungkum. Wengine wanapitia kwanza kaburi la Yosodipuro, mshairi wa kasri, lipo pale pale Pengging. Hilo halina uhusiano na Ramadhani, lakini maji ni yale yale.
Kwa hiyo mtu anayeingia Pengging siku ya padusan anaingia kwenye josho la sunna, la mfalme na la wapenda siri kwa mkupuo mmoja, na tiketi mkononi.

#36 Fundi_Bomba
Tiketi ndiyo niliyokuwa naisubiri. Anakusanya nani?

#37 Mbeba_Madaftari
Inategemea. Kwingine ni wilaya, kwingine kijiji chenyewe. Kijiji cha Ponggok kilianzisha kampuni yake ya kijiji mwaka 2009, Tirta Mandiri, na bwawa lao sasa ni maarufu kwa sababu watu wanapigwa picha chini ya maji: wamekaa kwenye pikipiki, wamekaa kwenye meza ya kahawa, samaki wanapita pembeni. Kimekuwa mfano kwa vijiji vingine vya Indonesia.

#38 Fundi_Bomba
Haya, mimi maelezo yangu nimeshapata. Ibada ilikuwepo, mila ilikuwepo, lakini kilichojaza bwawa namna ile kwenye klipu ni bango la matangazo. Bila wilaya kuleta ngoma na mkuu wa wilaya na ndoo, padusan ingekuwa ya akina bibi wachache. Nimeona huku kwetu pia: tamasha likipata mdhamini, historia yake inarefuka.

#39 Bi_Mkoroshoni
Mwanangu hilo la mwisho umesema kweli tupu.

#40 Mwana_wa_Langoni
Wala si kweli. Mwaka 2020 wakati wa korona mabwawa yalifungwa, hakuna bango wala ngoma. Watu hawakuoga? Muulizeni Madaftari.

#41 Mbeba_Madaftari
Sikuwepo 2020, ila wenyeji wangu wanasimulia. Chemchemi zilifungwa, watu walihimizwa kuogea nyumbani. Mwenye nyumba wangu anasema alikoga kisimani na nia ile ile, akakosha nywele, akawaoshea wajukuu. Kijana wake alikaa sebuleni na simu. Kwa hiyo wote wawili mna mashahidi, Langoni na Fundi.

#42 Kipepeo_Tanga
Swali dogo. Wakigombana mwezi inakuwaje? Maana huku Tanga nyumba moja baba kafunga na mwana bado.

#43 Mbeba_Madaftari
Huku wamezoea. Muhammadiyah, jumuiya iliyoanzia hapa Yogyakarta 1912, wanapiga hesabu, tarehe wanaitangaza mapema. Nahdlatul Ulama, iliyoanzishwa Surabaya 1926, wanasubiri mwezi uonekane, na wizara ya dini inakaa kikao jioni ya tarehe 29. Mwaka 2024 Muhammadiyah walianza Machi 11, serikali na wengi wa NU Machi 12. Basi padusan ikawa siku mbili. Waliofunga tarehe 11 walioga tarehe 10, na tarehe 11 wakapita pembeni ya chemchemi na saumu zao wakiwatazama wenzao wanakula tambi.

#44 Kinyozi_Mstaafu
Mtihani wa kwanza wa saumu.

#45 Fundi_Bomba
Mwenye kuuza tiketi anaomba dua tofauti iendelee.

#46 Ustadh_Mkavu
Mnacheka. Mimi nauliza: Muhammadiyah wanasemaje kuhusu padusan yenyewe? Hao najua ni watu wa dalili.

#47 Mbeba_Madaftari
Wengi wao wanasema haina dalili mahususi na haipaswi kuchukuliwa kuwa ibada. Kuogelea kama kuogelea hawana neno, sitara ikizingatiwa. Ila jirani yangu ni Muhammadiyah damu, na nilimkuta Parangtritis, ufukwe wa kusini, na familia nzima. Nikamwangalia, akasema: "Nimewaleta watoto kucheza."

#48 Mpemba_Mjini
Ufukwe wa kusini si ndiko aliko yule malkia wa bahari?

#49 Mbeba_Madaftari
Ndiye, Nyi Roro Kidul. Wanasema usivae kijani ukaenda pale, atakuchukua. Waokoaji wa ufukweni wao wanasema usivuke bendera nyekundu, maana mkondo wa kurudi baharini pale ni mkali. Mimi nilivaa bluu na sikuvuka bendera, nikawaridhisha wote.

#50 Mla_Vitumbua
Nimesoma yote. Naona tuna: sunna ya Shafii iliyotoka nje ya bafu (Msomaji), mawe ya Majapahit (Mzee), mfalme wa Solo (Madaftari), bango la utalii (Fundi), na "waacheni watu na furaha zao" (Langoni). Nasimama palepale kwamba moyo wake ni wa vunja jungu: kesho kuna ugumu, leo tujifurahishe.

#51 Msomaji_Kimya
Umesahau kwamba yule mama muuza chakula wa bandiko la 4 aliulizwa na akajibu. Mtu kakwambia ananuia nini, wewe unamtafutia moyo mwingine.

#52 Mla_Vitumbua
Na yule wa tambi aliulizwa pia.

#53 Bi_Mkoroshoni
Mimi ninalowapendea ni lile la makaburi kwanza. Nilipokuwa mdogo, Nisfu Shaaban ikifika tulipelekwa kuzuru wazee, kila mtoto na kijifagio chake, tukirudi tunakuta visheti. Sikumbuki mtu kuuliza kama ni vya Majapahit. Sasa nasikia wajukuu wanaambiwa wasiende. Haya.

#54 Ustadh_Mkavu
Kuzuru makaburi ni sunna, Bi Mkubwa, hakuna aliyekataza. Kinachokatazwa ni kuifungia ziara siku na kuamini siku hiyo ni ya lazima.

#55 Bi_Mkoroshoni
Bila siku maalumu vijana hawaendi kabisa, shehe. Nimewaona.

#56 Mzee_wa_Nyaraka
Boyolali, kwenye vijiji vya Cepogo juu ya mlima, siku ya sadranan, ndiyo nyadran yao, wanakwenda makaburini na tenong, vikapu vya duara vya mianzi vimejaa vyakula, kisha nyumba kwa nyumba kama Idi. Waliohamia Jakarta wanarudi. Ukiuliza kwa nini, wengine watasema mababu, wengine watasema swadaka, wengine watasema ndiyo siku pekee tunayoonana.

#57 Binti_Ruwi
Huyu dada anauliza kama Java nako hawatumii kitu chochote kichwani, au ni maji matupu? Anasema bila limau yeye haelewi mtu ametakasika vipi 😄

#58 Mbeba_Madaftari
Siku hizi wengi shampuu ya pakiti. Wazee walikuwa wanatumia merang, mabua ya mpunga. Na si Java ya Kati peke yake: Tangerang, jirani na Jakarta, watu wanashuka mto Cisadane kwa pamoja kukosha nywele kwa merang kabla ya Ramadhani.

#59 Kipepeo_Tanga
Mabua yanakoshaje nywele? Si yanachoma?

#60 Mbeba_Madaftari
Yanachomwa yenyewe kwanza, dada. Unachoma mabua, majivu unayaloweka kwenye maji usiku kucha, asubuhi unachuja kwa kitambaa. Maji yanatoka meusi na kuteleza kama sabuni. Mwenye nyumba wangu anasema nywele zinang'aa lakini usiyaache yakaingia machoni.

#61 Bi_Mkoroshoni
Nikipata mabua ya mpunga wa Cheju, kule Unguja, nitajaribu. Kinyozi, unasemaje wewe mtaalamu?

#62 Kinyozi_Mstaafu
Bi Mkubwa, mimi nilikuwa nazikata, kuziosha ilikuwa kazi ya msaidizi. Ila majivu nayaamini, mama alikuwa anakoshea sufuria.